Kila Gemu na Mwanga Wake

Sekela mwanangu,

Barua huwa tunaianza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, nakusikia unavyokohoa hapo nyuma ya ukuta kwa sababu ya vumbi la malori, na yangu utaijua ukifika mwisho wa karatasi hizi. Mambo ya sweta, ya kula kwa wakati, ya kutoazimisha ndala za bafuni, sitayaandika. Hayo nimekuimbia wiki nzima mpaka ukanikatiza: "Mama, naenda chuo Mbeya, siendi vitani." Nikacheka, lakini nilikuwa nayasema hayo ili nisiseme hili.

Mwaka juzi uliniuliza swali, nami nikakujibu ukachote maji. Ulichukua ndoo ukaenda. Uliporudi hukuuliza tena, na hujauliza mpaka leo. Kesho unapanda basi, na sitaki uondoke na swali lile kwenye begi lako.

Nianzie kwa Mama Tabu, maana yeye ndiye aliyenifundisha biashara. Unamkumbuka kidogo, yule mama mnene aliyekuwa akikuita mchumba. Nilipoteremka kutoka kijijini Ibaba na tumbo lako, nina umri kama ulionao wewe sasa, nyumbani kwetu wakati huo hawakutaka kuniona. Yeye ndiye aliyenipa pembe ya meza yake pale njia ya mpakani. Ulilala kwenye boksi la soda chini ya meza ile. Lori likipiga honi ulikuwa unashtuka mikono yote miwili, kisha unaendelea kulala. Nilikuwa nakutazama nikisema, huyu atakuwa mtu wa Tunduma kweli.

Mama Tabu alinifundisha viazi vizuri vikae juu. Alinifundisha kumwita mteja dada kabla hajafika mezani. Na zaidi ya yote alinifundisha hili, alilisema mpaka likawa kama sala: "Kitu kikianza kukohoa, kiuze kabla hakijalala kitandani." Redio ikianza kukwaruza, iuze. Kuku akianza kusinzia, muuze asubuhi. Mpaka wetu huu ni mzuri kwa hilo, Sekela. Mtu ananunua kitu leo, kesho yuko Zambia ndani huko, atarudi kukutafuta kwa lipi? Sikuona dhambi. Niliona akili. Aliponifia nililia kama nimefiwa na mama, na msemo wake nikaurithi pamoja na meza.

Sasa kompyuta. Unakumbuka tulivyoipata, mtumba, imefungwa kwa blanketi, na kioo chake kinene kama sanduku la bibi. Mimi niliitaka kwa ajili ya kuingizia watu nyimbo kwenye simu. Gemu ulizileta wewe, sijui ulizitoa wapi, na nilinung'unika. Nilisema gemu ni uvivu. Halafu nikaona mautingo wa malori wanaosubiri foleni ya kuvuka boda wanavyojipanga mlangoni, nikanyamaza. Hata hapo, angalia, sikukusifu. Nilinyamaza tu kwa sababu vocha na soda zilikuwa zinatoka.

Kibanda chetu mlango wake unatazama machweo. Kuanzia saa nane jua lilikuwa linaingia lote, linagonga kioo, na lori lenye bodi ya bati likiegeshwa mbele ndiyo kabisa. Yule utingo wa Mbozi, mrefu, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, alikuwa anacheza gemu ya magari ya usiku na kila mara anaingia ukutani.

"Dada Sekela, nirudishie zamu yangu. Hapa naendesha gizani kama mwizi wa dizeli!"

"Wewe huoni barabara au huoni breki?" ukamjibu.

"Sioni hata gari!"

Wote wakacheka, lakini wewe hukucheka. Nilikuona umekaa pembeni ya kioo umeweka kiganja juu ya macho, unatazama kama fundi cherehani anavyotazama mshono. Ukaongeza mwanga, magari yakaonekana. Akaja mwingine akafungua gemu ya mpira, jezi nyeupe zikawaka mpaka mpira haukuonekana. Ukapunguza. Wa magari akarudi, giza. Ukaongeza. Siku nzima ulikuwa kama mtu anayefungua na kufunga dirisha kwa wageni wasioelewana.

Ndipo siku ya kuamkia safari yako ya Ibaba, kumsaidia bibi kuvuna maharage, uliniita.

"Mama, njoo uone. Nimepata mahali humu ndani pa kuandika kila gemu na mwanga wake. Sasa ikifunguliwa, kioo kinajiweka chenyewe. Ikifungwa, kinarudi kama kawaida. Sihangaiki tena!"

Nilikuwa napanga vocha. Nilisema, "Nitaona kesho." Kesho yake ulikuwa Ibaba.

Ulikuwa na furaha usoni, naikumbuka sasa. Wakati ule sikuiona kwa sababu sikuinua kichwa. Ningeinua kichwa siku ile, barua hii isingekuwepo.

Ulipokuwa Ibaba, jioni moja jua limeshazama, yule utingo alikuja akaniomba nimfungulie gemu yake. Mimi gemu nilikuwa sijawahi kufungua. Nikabonyeza picha ya gari kama nilivyokuona ukifanya. Mwanangu, kioo kikapauka chote. Usiku wa kwenye gemu ukawa mweupe kama uji uliozidi maji. Nikaifunga haraka, kioo kikarudi kizuri. Nikafungua ya mpira, kikazama giza kama koroboi inayoishiwa mafuta. Nikafunga, kikarudi. Jasho likanitoka.

Utingo akatikisa kichwa. "Mama Sekela, hiyo inakata roho. Ya mjomba wangu ilianza hivyo hivyo, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, halafu ikalala moja kwa moja."

Kukohoa. Nilisikia sauti ya Mama Tabu masikioni kabisa.

Sikungoja urudi. Sikumwita fundi, maana fundi akisema ni mbovu watu wanasikia. Asubuhi nilivuka mpaka kwenda Nakonde, moja kwa moja kwa Bana Mulenga, ndivyo wanavyomwita Mama Mulenga kule. Unamjua, yule mjane anayeuza kapenta, dagaa wa Zambia, aliyekuwa akiniita munyinane, mdogo wangu kwa Kibemba. Nilikuwa najua anatafuta kompyuta kwa ajili ya mwanawe Mulenga, aliyekuwa ameacha shule kwa ugonjwa wa miguu na anashinda ndani. Sikwenda kwake kwa sababu alikuwa na shida. Hapana, nisijifiche tena: nilikwenda kwake kwa sababu alikuwa na shida na alikuwa ananiamini.

Walikuja wote wawili kesho yake, Mulenga amebebwa na bodaboda. Niliwasha. Niliwawekea kwaya, picha safi, rangi kama kitenge kipya. Bana Mulenga akapiga makofi. Mulenga akauliza, "Na gemu zipo?" akanyoosha mkono kwenye kipanya. Nikamshika mkono ule. Taratibu, kwa kumbembeleza, kama mama. Nikamwambia, "Zipo zote, baba. Utazikuta nyumbani, zisije zikakuchelewesha hapa."

Ule mkono ulikuwa mwembamba, Sekela. Nausikia mpaka leo.

Ndipo ulipoingia na gunia lako la maharage kichwani. Ukanikuta nimemshika Bana Mulenga bega, nasema, "Kioo kizima, dada, kama siku kilipotoka kiwandani." Ulisimama mlangoni. Ulidhani nauza kwa sababu ya shida fulani, hukusema kitu mbele ya wageni. Uliwasaidia hata kufunga blanketi. Uliikunja ile waya vizuri ukampa Mulenga ashike.

Walipoondoka nilikuvuta ndani, nikakunong'oneza kwa furaha, mimi mjinga: "Tumepona mwanangu! Kilikuwa kinakufa kile kioo, nimekiwahi."

"Kinakufaje?"

Nikakueleza uji na koroboi. Ulitua gunia polepole.

"Mama, ni mimi. Ni ule mwanga niliokuita uje uone. Niliuweka kwa jua la mchana, ndiyo maana jioni unapauka. Kile kioo ni kizima."

Nilikaa kwenye kreti. Unajua kilichonijia kwanza? Si aibu. Ilikuwa hasira, kwamba nimeuza kitu kizima kwa bei ya kitu kibovu. Na wewe ulikuwa unanitazama, unahesabu taratibu kichwani mwako, nikaona jinsi uso wako ulivyobadilika ulipofika mwisho wa hesabu.

"Lakini mama, ulimwambia Bana Mulenga ni kizima. Wewe wakati unamwambia vile, ulikuwa unaamini nini?"

"Nenda kachote maji," nikasema.

Ngoja niendelee, maana haikuishia hapo. Wiki ile ile, bila kukwambia, nilivuka kumwomba anirudishie kompyuta. Nilimwambia unalia, hulali. Nilikuuza na wewe, mwanangu, nikatumia machozi ambayo hukuyatoa. Akanionea huruma, lakini akasema, "Munyinane, nikiitoa Mulenga atalia kuliko Sekela." Nikarudi nimenuna kama niliyedhulumiwa.

Halafu ndiyo likaja baya kuliko yote. Bana Mulenga akaanza kunisifu. Soko zima la Nakonde akawaambia yuko mama mmoja Tunduma, ukinunua kwake umenunua kwa ndugu. Wateja wakavuka na jina langu mdomoni. "Wewe ndiye Mama Sekela asiyedanganya?" Na mimi, mbele yako, nikajibu, "Tunajitahidi, dada, kwa neema ya Mungu." Kila nilipolisema hilo wewe ulikuwa unapata kazi ya ghafla chini ya meza. Unaokota kitu. Nilikuwa najua hakuna kitu kimeanguka.

Sare yako ya kidato cha nne ilitoka kwenye sifa ile. Ulikuwa unaivaa na ulikuwa unajua. Hukunitukana, hukuninunia, uliendelea kunipikia uji. Afadhali ungenitukana.

Nilijitetea sana moyoni. Nilisema: nani aliumia? Kompyuta ni nzima, mama yule kapata kitu kizuri kwa bei nafuu, aliyepoteza ni mimi. Hata kanisani nilijitetea. Lakini nilipokuwa nakushonea lile begi, nikawaza utakavyokuwa huko chuoni ukijifunza ufundi, na vyombo vya watu mikononi mwako, mtu anakuletea redio yake na haelewi kilichomo ndani, anakutazama mdomo. Utamwambia nini? Utakumbuka sauti ya nani? Sindano ikanichoma nikaacha kushona.

Basi Jumatatu, nilipokwambia nakwenda kutafuta vitenge, sikwenda kwenye vitenge.

Nilivuka, nikamkuta Bana Mulenga nyumbani kwake anachambua mchanga kwenye kapenta. Akanipa kigoda. Nikamwambia yote, kuanzia utingo mpaka mkono wa Mulenga. Kwanza hakunielewa. Akacheka.

"Sasa munyinane, kitu ni kizima, unalilia nini?"

"Nilipokuuzia nilijua ni kibovu."

"Ulijuaje kibovu kitu kizima?" Akacheka tena, akamwita jirani aje asikie kichekesho. Halafu mikono yake ikasimama. Jirani alipofika aliambiwa arudi tu.

"Siku ile Mulenga alitaka kufungua gemu. Ukamshika mkono."

"Ndiyo, mayo," nikasema, ndiyo mama kwa Kibemba.

"Ukamwita baba."

"Ndiyo."

Akarudi kwenye kapenta zake. Alichambua, nami nikabaki nimekaa pale kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mwisho akasema, bila kuinua macho, "Na mimi nimezunguka soko lote na jina lako."

Nilitaka aniangalie akasirike. Hakukasirika. Akaniambia, "Haya, Mama Sekela," na hapo ndipo nililia, maana tangu nimjue hajawahi kuniita hivyo. Undugu aliutoa kwenye jina langu taratibu, kama anavyotoa mchanga.

Nilipoinuka kuondoka, mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mulenga alikuwa ndani anacheza ile gemu ya magari. Chumba chao kina kidirisha kidogo, tena wamekiziba kwa maboksi, kiza mchana kweupe. Na kioo kimepauka, mwanangu, kimepauka uji kabisa, kama nilivyokiona mimi jioni ile. Mtoto anacheza amekunja uso, machozi yanamtoka, anayafuta kwa bega.

Nikamuuliza, "Baba, macho yanauma?"

"Kidogo tu. Hii ndiyo ilivyo. Ukiifungua inawaka hivi."

Anafikiri ndivyo magari yalivyo. Anacheza gizani mwake na mwanga ulioupima kwa jua la kwetu. Nilishika kipanya nijaribu kurekebisha, nikabonyeza huku na huku, sikupajua mahali. Laiti ningekuja kuona siku uliponiita. Mulenga akanitoa mkono kwenye kipanya, kwa adabu tu. Sijui kama alikumbuka kwamba niliwahi kumtoa wake.

Bana Mulenga alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamweleza kwamba ni jambo dogo, mwanangu anaweza kulitengeneza. Akanijibu kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata: "Mlete mtoto. Yeye nitamuuliza kama kompyuta ni nzima. Wewe usinijibu tena."

Nimelibeba neno hilo tangu Jumatatu. Nilirudi bila kitenge hata kimoja na wewe hukuniuliza viko wapi. Jana mmoja wa wateja wake alipita kibandani kwetu bila kusimama, nadhani habari zimeanza kufika. Huenda biashara ikapungua. Nitauza ninachouza. Viazi nimevichanganya, vibaya na vizuri pamoja, na yule jirani yetu wa nyanya ananicheka: "Mama Sekela, unaumwa?"

Jibu lako ni hili. Wakati namwambia Bana Mulenga kioo ni kizima, nilikuwa naamini kinakufa. Niliamini kwa moyo wangu wote. Kwamba kilikuwa kizima ni kwa sababu yako, si kwa sababu yangu, na sina haki ya kujifunika na kazi ya mikono yako. Ulivyohesabu siku ile, ulihesabu sawasawa.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Wala sikwambii usiwe kama mimi. Una macho, na umeniona karibu. Ila nataka ujue kitu kimoja nilichokuwa sijui namna ya kukuambia: uliponiita nije nione, ulikuwa umefanya kazi nzuri. Ulitazama mtu mmoja mmoja anaona nini, ukamtengenezea. Sikuwahi kufundishwa hivyo na mtu, na sikukufundisha mimi. Sijui ulikitoa wapi kipaji hicho. Nakwenda nacho kifua mbele hata kama sina haki.

Basi la Mbeya linaondoka saa sita. Bana Mulenga anaamka mapema, na mpaka saa tatu hata foleni ya boda inakuwa haijawa ndefu. Sikulazimishi. Ni asubuhi yako ya mwisho hapa, una rafiki zako wa kuaga, na uchafu wa mama si wa mtoto kuufua.

Karatasi hizi nitazipitisha chini ya mlango wako. Alfajiri nitakuwa nimekaa nje kwenye kreti. Ukitoka na begi, nitalibeba mimi, twende stendi tukanywe chai, na sitalitaja tena jambo hili wala sitakuona vibaya. Ukitoka mikono mitupu, nitainuka tuvuke kwenda kwa Bana Mulenga, na kule nitakaa nje mlangoni, wewe ndiye utakayeingia.

Mama yako.